MKIMBIAJI NA CHUO KIKUU: HISTORIA YA UCHAGUZI, KUTOKA BONDE LA UFA HADI MILIMA YA MASISI

1. Utangulizi

Historia ya riadha katika Afrika ya Mashariki na Kati imezoea kuandikwa kwa kufuata orodha ya medali. Msomaji huelezwa nani alishinda, wapi, mwaka gani na kwa muda gani. Ni nadra kuelezwa kwamba wengi miongoni mwa washindi hao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vilivyo mbali sana na makwao, na kwamba kabla ya kukimbia mbio zilizowapa sifa walikabiliwa na uamuzi mzito kuliko mbio zenyewe: waingie chuo gani, kwa masharti gani, na kwa lengo gani.

Makala haya yanauchunguza uamuzi huo tangu mwaka 1959, wanafunzi wa Kenya walipoanza kusafirishwa kwa wingi kwenda Marekani, hadi miaka hii ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, mkimbiaji wa mbio ndefu hakuchagua chuo bali alichaguliwa. Na pale alipochagua kweli, kilichomsaidia hakikuwa kasi ya miguu yake bali maswali aliyoyauliza kabla ya kutia saini.

Jambo hili haliwahusu Wakenya na Watanzania peke yao. Limekwisha kufika pia Kivu ya Kaskazini, katika teritwari ya Masisi, kwenye kijiji cha Kirotshe kilicho kando ya Ziwa Kivu. Kijana wa Karuba, katika milima iliyo juu ya Sake, anayepanda na kushuka njia zile zile kila siku kwenda shuleni, ana haki ya kujua yaliyowapata waliomtangulia. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inayolizunguka upande wa Masisi hupita mita 2,000. Hiki ni kimo kinachokaribiana na kile cha Eldoret. Hewa basi si tatizo. Tatizo liko kwingine, na historia inasaidia kulionyesha.

2. Maneno na uzito wake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kuyatazama maneno machache, maana maneno ndiyo yaliyobeba uamuzi huu kutoka kinywa hadi kinywa.

La kwanza ni kitenzi -kimbia. Kitenzi hiki kina maana mbili zinazojulikana na kila msemaji: kwenda kwa mbio, na kutoroka hatari. Kutokana na shina hilo moja lugha imeunda nomino mbili. Mkimbiaji ni yule aendaye mbio kwa hiari yake, mara nyingi mbele ya watazamaji. Mkimbizi, neno lenye umbo linalofanana na mjuzi kutoka -jua, ni yule aliyeikimbia nchi yake au kijiji chake. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki maneno haya mawili hayakutani. Katika Masisi yamekutana mara nyingi. Vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, kisha kuingia kwa wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda mwaka 1994, na vita vya 1996 vilivyofuata, viliwafanya watu wa huko wakijue kitenzi -kimbia kwanza kwa maana yake ya pili.

La pili ni ufadhili. Neno hili linatokana na fadhila, yaani wema na hisani. Katika Kiswahili cha Kongo husemwa pia bursi, kwa kufuata Kifaransa, lakini maana inayoshikiliwa na wazazi ni ile ile: mtu mwema amemsaidia mtoto wetu. Ufadhili wa riadha wa vyuo vya Marekani haukuwa hivyo. Ulikuwa mapatano: chuo kinalipa karo, chakula na malazi, na mwanafunzi anakimbia kwa niaba ya chuo. Tena tangu mwaka 1973 shirikisho la michezo ya vyuo vya nchi hiyo, NCAA, liliamua kwamba ufadhili huo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, na chuo kiwe na uhuru wa kuurudisha upya au kutourudisha. Ruhusa ya kutoa ahadi ya miaka kadhaa ilikuja tena mwaka 2012 tu. Kijana aliyeambiwa amepata fadhila hakuona sababu ya kuuliza maswali, kwa kuwa mfadhili haulizwi. Na kama baadaye alilalamika kwamba amechoka, au aliomba kuhama, alijiona yeye mwenyewe kuwa ndiye mwenye kosa. Ni nani anayetaka kuambiwa kuwa fadhila za punda ni mateke?

La tatu ni kuchagua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii inafaa sana shambani, ambako mvua haimsubiri mtu. Lakini ilipohamishiwa kwenye masomo ilileta hasara. Vijana wengi waliamini kwamba kupata chuo chochote ng'ambo ni bahati tosha, na kwamba kuuliza ni chuo gani ni kujivuna. Yafuatayo yanaonyesha bei ya imani hiyo.

3. Kitabu kwanza: 1959 hadi 1968

Mwezi Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Hadi mwaka 1963 mamia ya vijana wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesafiri kwa njia hiyo. Mpango huu haukuwa wa michezo. Nchi zilikuwa zikikaribia uhuru, na zilihitaji waalimu, waganga na maofisa. Mwanafunzi alipokelewa na chuo kwa sababu ya vyeti vyake, na kama alikimbia, alikimbia baada ya kufika.

Kutoka kipindi hiki anakumbukwa Stephen Machooka, Mkenya aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, akawa miongoni mwa Waafrika wa Mashariki wa kwanza kujulikana katika mbio za nyika za vyuo vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Cornell imo katika kundi la vyuo visivyotoa ufadhili kwa ajili ya michezo. Kwa hiyo uhusiano wa mwanafunzi na chuo ulisimama juu ya masomo, na mbio zilikuwa nyongeza.

Upande wa Kongo hali ilikuwa tofauti kabisa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa Léopoldville mwaka 1954, kile cha Elisabethville mwaka 1956, na cha Stanleyville mwaka 1963. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Baada ya mwaka 1967 mlango wa chuo ulikuwa mtihani wa Serikali. Asilimia alizopata mwanafunzi ndizo zilizoamua kama ataingia na ataingia kitivo gani. Miguu haikuwa na alama katika hesabu hiyo. Mwaka 1971 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na vitivo viligawanywa kati ya miji, ile ya lugha na fasihi ikapelekwa Lubumbashi. Mpaka vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981, mwanafunzi wa Kivu hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua hata mji. Mapokeo haya mawili, la Kiingereza lililofungua mlango kwa njia ya uwanja na la Kifaransa lililofungua kwa njia ya mtihani peke yake, yanaeleza kwa nini njia ya Nandi kwenda Marekani ilikuwa pana wakati ile ya Masisi haikuwapo.

4. Makocha wachagua: 1968 hadi 1981

Mambo yalibadilika katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968. Katika mji ulio kwenye kimo cha mita 2,240, Kipchoge Keino alishinda mita 1,500, Naftali Temu mita 10,000, na Amos Biwott mbio za kuruka viunzi na maji. Makocha wa vyuo vya Marekani walielewa mara moja. Miaka iliyofuata barua zilianza kufika Kenya, na baadaye Tanzania.

Wa kwanza kunufaika hawakuwa wote wa mbio ndefu. Robert Ouko na Julius Sang walisoma katika North Carolina Central University, chini ya kocha LeRoy Walker, nao walikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoshinda mita 400 kwa wanne huko Munich mwaka 1972. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika michezo hiyo hiyo, alisoma Eastern New Mexico University.

Ili kuelewa kwa nini vyuo viliwatafuta wakimbiaji hawa, lazima ieleweke namna mbio za nyika zinavyohesabiwa. Kila timu hupeleka wakimbiaji saba, na nafasi walizoshika watano wa kwanza hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo kabisa ndiyo mshindi. Wakichukua nafasi ya kwanza hadi ya tano, jumla ni 15. Kwa hiyo nyota mmoja hatoshi. Kocha anahitaji watano. Vyuo vikubwa vya pwani ya magharibi vilikuwa na jua, majina na wanafunzi wengi wa nchini. Chuo kilicho mbali kama Washington State University, katika mji mdogo wa Pullman, au University of Texas at El Paso, katika jangwa la mpakani mwa Mexico, kiliweza kushindana navyo kwa njia moja: kuwatafuta wakimbiaji pale ambapo wengine hawakuwatafuta.

Huko Pullman kocha John Chaplin aliwapokea John Ngeno, Samson Kimobwa, Henry Rono na wengine. Huko El Paso kocha Ted Banks aliwapokea Wakenya, na pia Watanzania kama Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Kati ya mwaka 1975 na 1981 El Paso ilitwaa ubingwa wa nyika wa vyuo mara sita. Mwaka 1981 jumla yake ilikuwa 17, alama mbili tu juu ya ile isiyoweza kupunguzwa. Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa bado mwanafunzi.

Swali la makala haya ni je, vijana hawa walichaguaje? Jibu fupi ni kwamba walimfuata mtu. Kijana wa Nandi hakuwa na kitabu cha kulinganisha vyuo, wala hakujua tofauti ya Pullman na Chicago. Alichojua ni kwamba fulani, mtoto wa jirani au mwenzake wa jeshini, amekwenda, ameandika barua, na amepata nafasi nyingine. Kocha naye hakumwona mkimbiaji. Aliona muda ulioandikwa kwenye karatasi na jina la aliyemsifu. Huu ulikuwa uchaguzi wa kijamaa: mdogo alikanyaga alipokanyaga mkubwa. Haukuwa upumbavu. Mgeni katika baridi ya Pullman alihitaji mtu wa kusema naye lugha ya nyumbani kuliko alivyohitaji maktaba nzuri. Lakini njia hiyo ilimfikisha chuoni bila kujua anasomea nini.

Mfano wa Henry Rono unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 huko Berkeley tarehe 8 Aprili, kwa dakika 13 na sekunde 8.4, viunzi na maji huko Seattle tarehe 13 Mei, kwa 8:05.4; mita 10,000 huko Vienna tarehe 11 Juni, kwa 27:22.5, na mita 3,000 huko Oslo tarehe 27 Juni, kwa 7:32.1. Mbili za kwanza zilivunjwa katika mashindano ya kawaida ya vyuo, mbele ya watazamaji wachache.

Mwezi Novemba mwaka ule ule alirudi kukimbia nyika kwa ajili ya chuo chake. Alikuwa bingwa wa vyuo mwaka 1976 na 1977. Safari hii alimaliza wa 237. Mwaka 1979 alishinda tena. Mtu anayezisoma namba hizi pamoja anaona kalenda iliyokuwa nyuma yake. Mwanafunzi wa mbio ndefu hukimbia nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, hukimbia ndani ya majumba wakati wa baridi, na hukimbia uwanjani kuanzia Machi hadi Juni. Kisha huja mashindano ya Ulaya, ambayo Rono alikwenda akiwa tayari ameutumikia mwaka mzima wa chuo. Kocha anahitaji alama katika misimu yote mitatu, na mwili wa mkimbiaji ni mmoja.

Rono hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980. Aliweka rekodi nyingine ya mita 5,000 mwaka 1981, kisha akaangushwa na ulevi, jambo alilolieleza mwenyewe waziwazi katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2007. Alifariki dunia mwezi Februari 2024. Haingekuwa haki kusema kwamba chuo ndicho kilichomwangusha, wala kwamba chuo kingine kingemwokoa. Linaloweza kusemwa ni hili: katika habari nyingi zilizoandikwa juu yake wakati ule, namba za saa zimejaa, na ni shida kupata mstari unaoeleza alikuwa akisoma nini.

5. Sheria na fedha zabadilika

Ushindi wa El Paso na Pullman ulileta manung'uniko. Wapinzani walisema kwamba watu wazima wenye uzoefu wa kimataifa wanashindanishwa na vijana waliotoka sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria ya umri ilianza kukaza: mashindano ambayo mgeni alikwisha kushiriki baada ya kupita miaka 20 yalipunguza miaka yake ya kukimbilia chuo. Sheria za baadaye zilihesabu pia muda uliopita kati ya kumaliza sekondari na kuingia chuoni.

Sheria hiyo inaonekana ya haki mpaka itazamwe kutoka Masisi. Pale ambapo shule hufungwa na kufunguliwa kwa kufuata vita, mwanafunzi anaweza kupata diploma ya Serikali akiwa na miaka 21 au 22 bila kuwa mvivu wala mjanja. Saa ya sheria ilihesabu miaka yake, haikuhesabu sababu.

Badiliko la pili lilihusu fedha. Tangu mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia lilianza kuruhusu mapato ya wanariadha kuwekwa katika mifuko maalumu, na baadaye zawadi zikawa za wazi. Mkimbiaji hodari hakuhitaji tena kupitia chuoni ili afike Ulaya. Aliweza kuondoka Iten moja kwa moja hadi barabara za Boston au Rotterdam. Hata hivyo njia ya chuo haikufa. Mwaka 1988 huko Seoul, Paul Ereng, mwanafunzi wa University of Virginia, alishinda mita 800, na Peter Rono, aliyetoka St. Patrick's ya Iten na kusoma Mount St. Mary's huko Maryland, alishinda mita 1,500.

Katika karne hii wanawake wameifanya njia hiyo kuwa yao pia. Sally Kipyego alisoma uuguzi Texas Tech, akatwaa mataji tisa ya binafsi ya vyuo, kisha medali ya fedha ya mita 10,000 huko London mwaka 2012. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 akiwa Oregon. Mwaka 2024 Doris Lemngole wa Alabama alikuwa bingwa wa nyika wa vyuo.

Hapa lazima itajwe hesabu ambayo wazazi wengi hawakuijua. Hadi mwaka 2025, chuo cha Daraja la Kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na nyika, na 18 kwa wanawake. Ufadhili huo uliweza kukatwa vipande na kugawiwa wengi. Hivyo barua iliyosema "umepata ufadhili" iliweza kumaanisha gharama zote, nusu yake, au robo. Mwaka 2025 viwango hivyo viliondolewa, na badala yake ikawekwa idadi ya juu ya wanatimu. Nafasi kwa wengine zimepanuka na kwa wengine zimefungwa. Lakini haja ya kuuliza ni sehemu gani ya gharama inayolipwa imebaki pale pale.

6. Aliyerudi na hesabu nyingine

Mike Boit hakuishia kwenye medali yake ya Munich. Baada ya New Mexico alisoma Stanford, kisha akapata udaktari katika University of Oregon, akarudi nyumbani na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yeye pia alizikosa Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu zile zile zilizomkosesha Rono. Wote wawili walipokonywa kitu kile kile na siasa. Tofauti ni kwamba Boit alikuwa na kitu cha pili mkononi.

Mwaka 2004 Boit na Mmarekani John Manners walianzisha mpango uitwao KenSAP, unaowasaidia wanafunzi hodari wa Bonde la Ufa kuingia vyuo bora vya Amerika ya Kaskazini. Utaratibu wake unafundisha. Mwanafunzi huchujwa kwanza kwa alama za mtihani wa taifa. Halafu hukimbizwa mita 1,500. Anayekimbia vizuri hupata neno la ziada kutoka kwa kocha wakati maombi yake yanaposomwa. Asiyekimbia vizuri hubaki na alama zake, nazo zinatosha. Vyuo vingi wanavyopelekwa havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Vinasaidia kwa kuangalia uhitaji wa familia. Maana yake ni kwamba mwanafunzi akiumia goti au akichoka na mbio, hafukuzwi.

Hapa mpangilio wa miaka ya 1970 umepinduliwa. Wakati ule miguu ilifungua mlango, na kitabu kilisubiri ndani kama kitasomwa. Sasa kitabu kinafungua mlango, na miguu inausukuma kidogo.

7. Kirotshe na Karuba

Makorobondo Salukombo alizaliwa Kirotshe. Familia yake iliikimbia vita na hatimaye ikahamia Cleveland, jimbo la Ohio. Huko mkimbizi akawa mkimbiaji. Alipofika wakati wa kuingia chuo, alisoma Denison University, chuo kidogo kilicho Granville katika jimbo hilo hilo.

Denison ni chuo cha Daraja la Tatu, na vyuo vya daraja hilo havitoi ufadhili wa michezo. Anayekimbia huko anakimbia kwa mapenzi yake, na msaada anaoupata unatokana na masomo au uhitaji. Kwa macho ya wanaohesabu medali, chuo kama hicho ni cha chini. Kwa macho ya historia iliyoelezwa hapa, ni chuo ambacho mwanafunzi hadaiwi miguu yake.

Baada ya masomo, Salukombo alirudi Kirotshe na kuanzisha kazi ya kuwafundisha vijana wa huko mbio pamoja na masomo. Tarehe 21 Agosti 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Rio de Janeiro akiiwakilisha Kongo. Katika michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga, kijana wa Kivu aliyefanya mazoezi pamoja naye, alikimbia mita 5,000. Hakuna aliyetarajia medali. Lakini kwa mara moja barabara ya Sake ilikuwa na jina katika uwanja ule, na jina hilo halikuwa la vita.

Tangu hapo mambo hayakutulia. Mapigano yalirudi katika milima ya Masisi, na mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23. Kijana wa Karuba anayetaka chuo cha ng'ambo anakabiliwa na vikwazo ambavyo kijana wa Eldoret havijui. Diploma yake imeandikwa kwa Kifaransa na lazima itafsiriwe. Mtihani wa Kiingereza unamsubiri. NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari yaliyothibitishwa, na shule iliyochomwa haina daftari la kuthibitisha. Ubalozi wa Marekani uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, wala hakuna barabara ya kufika huko. Kwa kijana wa namna hiyo barua yoyote kutoka popote inaonekana kama mbingu iliyofunguka, na hapo ndipo hatari ilipo: anayehitaji sana ndiye asiyeuliza.

8. Hitimisho

Historia hii ya zaidi ya miaka 60 haitoi orodha ya vyuo vizuri na vibaya. Pullman ilimpa Rono kiwanja cha kuvunjia rekodi. El Paso ilimfikisha Nyambui Moscow. New Mexico ilimwanzishia Boit safari iliyoishia kwenye uprofesa. Chuo kimoja huweza kumfaa mmoja na kumharibu mwingine. Lakini historia hiyo inatoa maswali, na maswali hayo hayabadiliki kwa kubadilika kwa sheria. Je, gharama zinazolipwa ni zote au sehemu? Ahadi ni ya mwaka mmoja au ya masomo yote? Nikiumia, nitabaki? Nitakimbia misimu mingapi kwa mwaka? Kati ya waliotoka kwetu wakaingia chuo hiki, wangapi walihitimu, na katika fani gani? Kocha akihama, mkataba wangu unabaki kwa nani? Na la mwisho, ambalo Boit alilijibu kwa maisha yake: nitakaposhindwa kukimbia, nitakuwa nani?

Wataalamu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Iwapo neno ufadhili linamfanya kijana aone haya kuuliza, basi katika shughuli hii lafaa liwekwe pembeni, na pasemwe wazi mkataba wa masomo na riadha. Mtu hujadili mkataba. Fadhila huipokea kwa mikono miwili na kichwa kilichoinama. Mwalimu wa sekondari katika Karuba anayemsaidia mwanafunzi wake kuijibu barua ya ng'ambo anaweza kuanza na badiliko hilo dogo la neno. Nayo methali ya jembe ibaki shambani, maana mkulima anaweza kubadili jembe msimu ujao, bali miaka minne ya mkimbiaji chuoni hairudi.